Maswali ya wasomaji: Amesoma sana, mbona anasahau?

Barua za mwezi huu zimerudia jambo moja kwa njia mbalimbali: shule ina uhusiano gani na ugonjwa wa kusahau uzeeni? Tumechukua tano. Mbili za kwanza tumezijibu kwa urefu, kwa sababu katika zote mbili mzee amepimwa kwa karatasi ileile, na mara zote mbili karatasi imewapoteza watu wake.

Baba yetu alifundisha hesabu sekondari miaka 34. Sasa ana miaka 74. Tangu mwaka jana anauliza swali moja mara nne kabla chakula hakijaiva, na mwezi wa tatu alipotea akitoka soko la Kadutu, hapa Bukavu, kurudi nyumbani Nyawera, njia aliyoipita maisha yake yote. Muganga alimpa maswali ya karatasi, akapata 27 juu ya 30, tukaambiwa ni uzee tu. Majirani wanasema mtu aliyesoma hivyo hashikwi na ugonjwa wa kusahau, kwa hiyo kuna mkono wa mtu. Tumsikilize nani? — Binti wa mwalimu, Ibanda

Dada, mliyoyaona nyumbani yana uzito kuliko ile 27.

Karatasi hiyo ilitungwa Marekani mwaka 1975. Ina pointi 30, na mahali pengi mtu akipata 24 au zaidi huambiwa yuko salama. Sasa angalieni yaliyomo. Kuna kutoa 7 katika 100 mara tano: 93, 86, 79, 72, 65. Hizo ni pointi 5, na kwa mwalimu wa hesabu ni kama kusalimia. Kuna kusoma sentensi, kuandika sentensi, kunakili mchoro wa pembetano mbili zilizopishana. Mtu aliyeshika chaki miaka 34 atayafanya hayo hata ugonjwa ukiwa umeshaingia ndani. Rudini kwa muganga mwulizeni swali moja tu: zile pointi tatu zilipotea wapi? Katika karatasi hiyo mzee hupewa maneno matatu ayashike, anafanyishwa kazi nyingine, kisha anaulizwa ayarudie. Ikiwa baba alipata yote isipokuwa hayo maneno matatu, hiyo 27 ni kengele. Si sawa na 27 ya mtu aliyekosea tarehe na mchoro.

Kuhusu shule, majirani wameshika nusu ya ukweli. Ugonjwa wa Alzheimer ni uchafu wa protini za aina mbili unaojikusanya ndani ya ubongo. Moja, amiloidi, hujirundika nje ya seli za neva kama madoa; nyingine, tau, hujisokota ndani ya seli zenyewe mpaka zinakufa. Madoa yanaweza kuanza miaka 15 hadi 20 kabla mtu hajasahau kitu. Mafundo ya tau yanaanzia karibu na hipokampasi, kipande kidogo cha ndani, usawa wa sikio, ambacho kazi yake ni kuandika mambo mapya. Ndiyo maana baba anakumbuka wanafunzi wa mwaka 1980 lakini hakumbuki kwamba ameuliza sasa hivi: mambo ya zamani yaliandikwa kitambo, ya leo hayaandikwi kabisa.

Shule haizuii uchafu huo kuingia. Mwaka 1988 Robert Katzman na wenzake huko Marekani walieleza ubongo wa wazee 137 waliokuwa wamefariki katika nyumba ya wazee. Kumi kati yao walikuwa na madoa ya Alzheimer, na walipokuwa hai walifanya kazi za kila siku na kujibu maswali vizuri kama wenzao waliokuwa na ubongo safi kabisa, au kuwapita. Ubongo wa hao kumi ulikuwa mzito zaidi na wenye seli nyingi zaidi. Jambo la namna hiyo lilionekana tena kwa masista 678 wa Notre Dame wa Marekani waliokubali kufuatiliwa na David Snowdon na kutoa ubongo wao baada ya kufa. Mmoja, anayejulikana kama Sista Mary, alifariki akiwa na miaka 101, akili ikiwa timamu. Ubongo wake ulikuwa umejaa madoa na mafundo.

Wataalamu wanaita jambo hili akiba ya ubongo. Mtu wa Bukavu halimpi shida kulielewa. Mvua ikikata barabara kubwa, asiyejua njia nyingine anasimama hapohapo. Anayejua vichochoro na ngazi za kupenya kati ya nyumba atafika, labda kachelewa dakika tano, na mwenyeji wake hatajua kwamba barabara imekatika. Miaka ya kusoma, kufundisha na kutafuta majibu humwongezea mtu miunganiko kati ya seli na kumzoeza kupitia pengine. Lakini korongo linaendelea kula ardhi. Siku vichochoro navyo vinapokatika, mtu anasimama ghafla.

Hapo ndipo wasomi wanaposhangaza familia zao. Yaakov Stern wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, alilinganisha wagonjwa waliokuwa na dalili sawa: wenye elimu zaidi walikuwa na upungufu mkubwa zaidi wa mtiririko wa damu katika sehemu za ubongo zinazoshambuliwa. Maana yake, dalili zinapojitokeza kwa mwalimu, ugonjwa umeshakula sana, na baada ya hapo mara nyingi anashuka haraka kuliko asiyesoma. Jipangeni kwa hilo. Mambo ya pensheni, karatasi za kiwanja, nani ana sahihi benki: yashughulikieni sasa, miezi hii, baba akiwa bado anaweza kusema anachotaka na kutia sahihi akielewa.

Chukueni daftari la kurasa 48. Kwa wiki nne mwandike kila tukio, tarehe, saa, na jambo moja ambalo watu hulisahau: je, alipodokezwa alikumbuka? Mzee wa kawaida ukimwambia "si jana, alipokuja shemeji?" anashtuka, "aa, ndiyo." Katika Alzheimer dokezo mara nyingi halisaidii kitu, tukio lenyewe halipo. Mlinganisheni na yeye mwenyewe wa miaka mitano iliyopita, msimlinganishe na jirani wa rika lake. Kama alikuwa anapiga hesabu ya bei ya mabati kichwani na leo anahitaji kalamu kwa mbao tatu, huo ni upungufu, hata kama bado anawashinda wote mtaani.

Na huo "mkono wa mtu." Inatuuma kuandika hili, lakini katika Kivu Kusini wazee, wanawake hasa, wameuawa kwa kuitwa walozi, na baadhi yao pengine kosa lao lilikuwa kuongea peke yao usiku au kuingia uani kwa jirani wakidhani ni kwao. Mkishapata karatasi ya muganga, nendeni kwa shefu wa avenue, kiongozi wa mtaa wenu, mapema, kabla hakijatokea kitu. Mwambieni jina la ugonjwa, mwachieni namba ya simu. Semeni na majirani wa milango mitatu ya kila upande pia. Neno "ni ugonjwa wa ubongo" likitangulia, lile lingine linakosa nafasi.

Mama yangu hakuingia shule hata siku moja. Ana miaka 70, anauza sambaza, samaki wadogo wa ziwani. Alipelekwa hospitali kwa presha, akaulizwa maswali kwa Kifaransa huku kijana mmoja akimtafsiria, akapata 14 juu ya 30. Wameandika kwamba akili inapotea. Lakini mama huyu anashika likelemba (mchango wa kupeana kwa zamu) ya wanawake 12 kichwani, bila daftari, na hajakosea. Kweli anaumwa? — Kijana wa Bagira

Kaka, kwa unavyoeleza, hiyo 14 haithibitishi ugonjwa wowote.

Fanya hesabu pamoja nasi. Kusoma pointi 1, kuandika 1, kunakili mchoro 1, kutoa saba saba 5. Jumla ni 8, zote ni za darasani. Mama asiyesoma anaanza na 22 kabla hajasahau hata neno moja, na mpaka wenyewe ni 24: tayari "mgonjwa." Kisha kuna tarehe, siku, mwezi, mwaka na majira, pointi 5 nyingine, na majira yenyewe yalifikiriwa kwa nchi za baridi zenye majira manne. Mama anayeishi kwa mvua ya Septemba na kiangazi cha Juni atajibu nini? Weka juu yake tafsiri kutoka Kifaransa kwenda Mashi, ambayo inaweza kubadilisha maneno matatu ya kukumbuka kuwa maelezo marefu. Sentensi ya kurudia nayo, iliyochaguliwa kwa ugumu wake wa kutamka, ikitafsiriwa inapoteza maana ya kuwepo.

Mnapaswa kuomba kipimo cha namna nyingine. Upo mfumo uliotungwa awali kwa ajili ya Wakri, wenyeji wa Kanada, ukatumika baadaye Ibadan, Nigeria, na hata Bangui na Brazzaville. Una pande mbili: mzee anaulizwa mambo yasiyohitaji kalamu, na ndugu anayeishi naye anahojiwa peke yake kuhusu maisha ya kila siku. Hata kama hospitali yenu haina karatasi hiyo, muganga makini anaweza kufuata njia yake. Badala ya saba saba: "Umenunua sambaza za faranga 3,500, umetoa noti ya 5,000, utarudishiwa ngapi?" Badala ya tarehe: siku ya soko, kazi ya shamba ya mwezi huu, nani kafiwa mtaani hivi karibuni. Badala ya mchoro: apange vijiti vinne vya kiberiti kama alivyovipanga muganga. Lugha iwe Mashi, na anayetafsiri awe mtu mzima anayeijua vizuri, aambiwe kabla kwamba haruhusiwi kumsaidia mama wala kurefusha swali.

Kabla ya hayo yote, masikio na macho. Mtu asiyesikia swali hawezi kulijibu. Nta iliyojaa sikioni na mtoto wa jicho vimewapa wazee wengi jina la kupoteza akili. Sikio lisafishwe hospitali. Usichokoe kwa njiti, utaisukuma nta ndani.

Halafu damu. Hata kwa mzee ambaye kweli amebadilika, kuna mambo yanayofanana na Alzheimer na yana dawa. Tezi ya shingo iliyolegea ni mojawapo, na kwetu ni jambo la kulipa macho: upungufu wa madini joto ulishawaletea watu wa kisiwa cha Idjwi marovu makubwa, ukachunguzwa na watafiti tangu miaka ya 1960. Ombeni kipimo cha TSH, kile cha damu kinachoonyesha kazi ya tezi hiyo. Wapimwe pia vitamini B12 (hasa anayekunywa metformini ya sukari kwa miaka), wingi wa damu, sukari, figo, chumvi ya sodiamu, kaswende na VVU. Kama alianguka au aligongwa na pikipiki wiki chache zilizopita, hata kidogo, elezeni waziwazi: damu inaweza kujikusanya polepole chini ya fuvu, na skana huionyesha. Na kama amechanganyikiwa kwa siku mbili tatu tu, leo yuko sawa, kesho hamjui mtoto wake, huo si mwendo wa Alzheimer. Tafuteni malaria, maambukizi ya mkojo, upungufu wa maji, au dawa mpya. Diazepamu anayopewa mzee "alale vizuri" huvuruga kichwa kuliko watu wanavyodhani.

Likelemba ya mama yako ndiyo kipimo chake bora. Siku atakapomlipa mtu mmoja mara mbili, au kumruka mwenye zamu naye akaapa kwamba hakumruka, hapo mpeleke haraka. Tangu sasa mwombe akutajie kila mwezi majina 12 kwa mpangilio, nawe uandike.

Nina miaka 58, niliacha shule darasa la nne. Kaka zangu waliendelea, mimi nilibaki nyumbani. Nikijiunga na masomo ya watu wazima parokiani sasa, itanisaidia kichwa, au wakati umepita? — Mama wa Kadutu

Mama, jiunge.

Tukuambie kinachojulikana. Mwaka 2009 watafiti waliwapima wapiganaji wa zamani wa Colombia walioweka silaha chini na kujifunza kusoma wakiwa watu wazima. Nyaya zinazounganisha pande mbili za ubongo, upande wa nyuma, zilikuwa nene zaidi kwao kuliko kwa wenzao ambao hawakuwa wamejifunza bado. Mwaka uliofuata utafiti wa watu wazima 63 wa Brazil na Ureno ulionyesha kwamba aliyejifunza kusoma ukubwani hubadilika ubongo karibu sehemu zilezile kama aliyeanza utotoni. Kwa hiyo ubongo wa miaka 58 haujafungwa. Kama masomo hayo yatasogeza mbele Alzheimer kwa idadi fulani ya miaka, hilo halijapimwa vizuri, na hatutakuuzia namba.

Kwa walioanza utotoni namba zipo. Stern alifuatilia wazee 593 wa New York: waliosoma chini ya miaka minane walipata ugonjwa wa akili ya uzeeni karibu mara mbili ya wengine. Lakini usilie kwa ajili ya hilo. Aliyesoma kwa kawaida pia alikula vizuri utotoni, alitibiwa presha mapema, hakubeba mizigo ya makaa. Si rahisi kutenga kazi ya daftari na kazi ya maisha mepesi. Na ukienda Ibadan, wazee wa Kiyoruba, wengi wao wakiwa na shule kidogo au hawana kabisa, walipata Alzheimer mara chache kuliko Wamarekani weusi wa Indianapolis: karibu 12 katika kila 1,000 kwa mwaka, dhidi ya 25. Shule ni mlango mmoja wa akiba. Jopo la jarida la kitabibu la Lancet mwaka 2024 lilihesabu mambo 14 yanayoweza kupunguzwa, ambayo kwa pamoja yanabeba karibu asilimia 45 ya ugonjwa. Elimu ndogo ya utotoni ni 5 tu kati ya hizo 45. Kutosikia ni 7.

Ukiwa na miaka 58, kubwa lililo mikononi mwako ni presha. Ipimwe hivi: kaa umeegemea kiti dakika tano, miguu chini bila kupishana, mkono juu ya meza usawa wa moyo, kibofu kitupu, usiongee. Chukua vipimo viwili, dakika moja kati yake. Ukipima umetoka tu kupanda mlima wa Kadutu, namba itakudanganya. Namba ya juu ilengwe 130 au chini. Chumvi yote ya siku isizidi kijiko kidogo kimoja cha chai, na kube ya mchuzi unayotia kwenye sombe imo katika hesabu hiyo. Kutembea kwa haraka dakika 30, siku tano kwa wiki; milima yetu inatosha, huhitaji kingine.

Na masomoni, usikae unanakili tu ubao. Kichwa hujengwa na kinachokipa shida kidogo: soma aya, funga kitabu, mweleze jirani kwa maneno yako mwenyewe. Ukishindwa, fungua tena. Kunakili kurasa kumi bila kufikiri hakufanyi hivyo.

Bibi alipata ugonjwa huu, sasa shangazi. Nami nitarithi? — M., Panzi

Kuna familia chache sana duniani, chini ya 1 katika kila wagonjwa 100, ambamo jeni moja hupitisha ugonjwa moja kwa moja; humo watu huanza kuugua mapema, mara nyingi kabla ya miaka 60. Kama bibi na shangazi walianza baada ya 70, yaelekea hamumo. Kuna jeni nyingine, APOE e4, inayoongeza uwezekano bila kuamua. Ilipochunguzwa kwa Wayoruba wa Ibadan nguvu yake ilionekana ndogo kuliko Ulaya na Marekani. Usitoe pesa zako kwa kipimo hicho. Zipeleke kwenye presha na sukari.

Kuna vidonge vya mimea vinauzwa hapa vya "kuamsha ubongo", dola 25 kopo. Na muganga mmoja ametuandikia donepezili. Tununue kipi? — Familia ya Nguba

Makopo hayo mengi huandikwa ginkgo. Mmea huo ulijaribiwa Marekani kwa wazee 3,069 wa miaka 75 na zaidi, miligramu 120 mara mbili kwa siku, kwa miaka kama sita. Matokeo yalitoka 2008: waliokunywa na wasiokunywa waliugua sawasawa. Isitoshe ginkgo inaweza kuongeza kutokwa damu kwa anayekunywa aspirini. Hizo dola 25 zingempatia mzee miwani, au mtu wa kushinda naye nyumbani siku kadhaa.

Donepezili ni dawa halisi, yenye nguvu ndogo. Haiondoi madoa wala mafundo. Huongeza kemikali moja ambayo seli zilizobaki huitumia kuzungumza, na kwa baadhi ya wagonjwa huleta miezi kadhaa ya kuvaa wenyewe na kufuata mazungumzo. Huanza na miligramu 5 mara moja kwa siku, jioni. Baada ya wiki nne hadi sita, akiivumilia, muganga anaweza kupandisha hadi 10. Ikimletea ndoto kali, muulizeni kama inaweza kuhamishiwa asubuhi. Kuharisha, kichefuchefu na kukonda vinatokea, kwa hiyo mpimeni uzito kila mwezi kwa mizani ileile.

Jambo la kuangalia zaidi ni moyo, kwa sababu dawa hii huupunguza mwendo. Kabla ya kidonge cha kwanza, na kila wiki mwezi wa mwanzo, mwekeeni vidole viwili kwenye kifundo cha mkono upande wa kidole gumba, mhesabu mapigo kwa dakika nzima, kwa saa. Yakiwa chini ya 50, au akizimia, msimpe kidonge cha usiku huo mpaka muganga amwone. Na mwambieni muganga dawa nyingine zote anazokunywa, pamoja na za presha, maana baadhi yake huupunguza moyo vilevile.